Pumu ya ngozi ukiwa Korea: hanuiwon, pibugwa au mafuta tu nyumbani?

Kila Novemba ikifika huku Korea Kusini, hewa inakauka, watu wanaanza kuwasha sakafu za moto ndani, na mimi naanza kupokea swali lile lile kutoka kwa Waswahili wenzangu: dada, nina pumu ya ngozi ya miaka mingi, niende kwa hawa madaktari wa tiba asili ya Kikorea (hanuiwon), niende kliniki ya ngozi (pibugwa), au nikae tu nijipake mafuta? Nimeona niyaandike yote sehemu moja. Mimi mwenyewe ninayo toka mdogo, kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni, na huku nimepita pande zote mbili, kwahiyo usiku wa kujikuna mpaka shuka linaingia damu naujua.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukisubiri. Utunzaji wa kila siku sio chaguo mojawapo, huo ni lazima, uende popote au usiende popote. Baada ya hapo, kama ngozi inawaka na hulali, anza pibugwa. Hanuiwon iwe nyongeza ukiwa na hela na ukiwa umempata daktari mwenye busara, na busara yake utaijua kwa kitu kimoja ambacho nitakieleza huko chini.

Tuelewane kwanza nani ni nani. Wakorea pumu ya ngozi wanaiita atopi, ukisema hivyo hata bibi wa sokoni anakuelewa. Pibugwa ni kliniki ya ngozi kama tunazozijua. Hanuiwon ni kliniki ya tiba asili ya Kikorea na daktari wake anaitwa hanuisa, na naomba tusimchanganye na mganga wa kibarazani, huyu amesoma chuo kikuu miaka 6, vyuo kama Kyung Hee pale Seoul, amefanya mtihani wa serikali na ana leseni yake. Mfumo wa leseni mbili upo toka sheria ya 1951. Ila leseni mbili maana yake pia hakuna kuvukiana mpaka: hanuisa haruhusiwi kukuandikia krimu ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, wala vidonge vya hospitali, na wa pibugwa hakuchemshii mizizi. Ukiondoa hospitali chache zenye idara zote mbili chini ya paa moja, hawa watu hawaongei, kila mmoja anaona nusu ya habari zako. Anayebeba nusu nyingine ni wewe.

Wanavyouona ugonjwa wako

Kwa hanuisa kwanza utakaa. Anakushika mapigo ya mishipa kwenye vifundo vya mikono yote miwili, vidole vitatu vimelala pale chini ya kiganja, anasikiliza kimya, anakwambia toa ulimi, halafu maswali: chakula kinasagika vizuri? choo je? jasho unatoka sana? usingizi? miguu inakuwa ya baridi? hedhi inakujaje? Unaweza kujiuliza hedhi na kiwiko vinahusiana wapi lakini kwao vinahusiana, manake wanaona ngozi inaonyesha kinachoendelea ndani, yaani joto limezidi, au unyevunyevu umekwama, au damu imekauka haiilishi ngozi. Wengine wanafuata mafundisho ya Lee Je-ma, daktari wa karne ya 19 aliyegawa watu makundi manne ya maumbile, taeyangin, taeeumin, soyangin na soeumin, na kundi lako ndo linaamua upewe mizizi gani na uache vyakula gani. Karibu wote watakwambia upunguze ngano, vya kukaanga na pombe.

Pibugwa wao wanasema ngozi yako ni kama mtungi wenye nyufa, maji ya mwili yanavuja nje na vumbi na vijidudu vinaingia ndani, kinga ya mwili inashtuka kupita kiasi, inaleta uvimbe na muwasho, unajikuna, nyufa zinaongezeka, mchezo unaanza upya. Hayo utayapata kwa dakika tatu, na hizo dakika tatu sio chumvi, Wakorea wenyewe wanazilalamikia, unasubiri nusu saa unaingia unatoka na karatasi ya dawa.

Hapa ndo hanuiwon inapowashinda kabisa. Mtu mwenye ugonjwa wa miaka ishirini amechoka, anataka mtu amsikilize, na kule anasikilizwa. Mimi naona hilo ni jambo la thamani na sio la kubeza, kwasababu usingizi mbovu na mawazo kweli vinachochea muwasho, na daktari anayekuuliza kuhusu usingizi anagusa kitu cha kweli. Ila kusikilizwa vizuri hakuthibitishi kwamba dawa utakayopewa inafanya kazi, hayo ni mambo mawili tofauti na wengi wetu tunayachanganya.

Kinachotolewa

Hanuiwon wana vitu vingi. Kuna visindano, chim. Kuna tteum, ile ya kufukiza majani makavu ya jamii ya pakanga karibu na ngozi. Kuna kuumika kwa vikombe, watu wa pwani mnaijua. Na kuna hanyak, dawa ya kuchemsha, ambayo ndo roho ya tiba yenyewe kwa atopi.

Hanyak hupewi mizizi ukachemshe mwenyewe siku hizi. Inaletwa na mtu wa taekbae, yaani wa kusambaza vifurushi, mpaka mlangoni, boksi zima, ndani vipaketi vya plastiki vilivyofungwa kwa mashine, kila kimoja kinakaribia kikombe kidogo cha chai, kimiminika cheusi kama kahawa. Unaweka kwenye friji, ukitaka kunywa unakizamisha kwenye maji ya moto, unakata pembe kwa mkasi. Ladha ni chungu, halafu nyuma yake kuna utamu kidogo wa urukususu, ambao Wakorea wanauita gamcho na wanautia karibu kila mahali. Wanaotibu "joto" wanapenda mchanganyiko unaitwa hwangnyeonhaedok-tang, huo ni uchungu mtupu jamani, ule unakaa ulimini mpaka chakula cha mchana. Unakunywa mara mbili au tatu kwa siku, na watakwambia mapema kwamba hii sio ya wiki moja, ni miezi.

Kuna pia jaungo, marhamu ya zambarau inayotengenezwa kwa mafuta ya ufuta, nta ya nyuki na mizizi, ina harufu ya ufuta na inatia doa kila nguo unayoipenda. Kwenye sehemu kavu zilizopasuka mimi naiona nzuri kama mafuta, kwenye sehemu iliyochimbika inayotoa maji usiweke.

Waislamu mnaoniuliza: ndiyo, kwenye hanyak kunaweza kuwa na vitu vya wanyama, pembe changa za kulungu kwa mfano. Muulize hanuisa akuorodheshee kilichomo kabla hajachemsha, ni haki yako, na orodha hiyo itakusaidia kwa sababu nyingine pia huko mbele.

Pibugwa: krimu za steroidi za nguvu mbalimbali, tacrolimus au pimecrolimus, dawa za kupaka zisizo steroidi, kwa usoni na kwenye kope, vidonge vya mzio, antibayotiki kama kuna usaha. Kwa wale hali imekuwa mbaya kabisa kuna vidonge vya kutuliza kinga kama cyclosporine, na kuna sindano ya dupilumab, unaanza na miligramu 600 halafu 300 kila wiki mbili, na hii imebadilisha maisha ya watu wengi, watu waliokuwa hawavai mikono mifupi sasa wanavaa. Usumbufu wake unaosikika zaidi ni macho kuwa mekundu na kuwasha.

Hela

Kama umekaa zaidi ya miezi 6 upo kwenye bima ya taifa, wanafunzi nao wameingizwa toka 2021, kwahiyo kliniki ya kawaida unalipa kama asilimia 30 tu. Pibugwa kwa atopi ni hela ndogo, na krimu zenyewe ni bei rahisi.

Hanuiwon visindano, tteum na kuumika vipo kwenye bima toka 1987, unatoka umelipa elfu chache tu za won. Tatizo ni hanyak. Ile ya kuchemshiwa wewe binafsi kwa atopi haipo kwenye bima. Serikali ilianza majaribio ya kuilipia Novemba 2020 kwa magonjwa machache, 2024 wakaongeza mengine mpaka mzio wa pua ukaingia, atopi haimo. Kwahiyo hesabu laki mbili hadi nne za won kwa mwezi, kwingine zaidi, zidisha kwa miezi watakayokwambia. Kwa mtu anayetuma hela nyumbani hiyo sio ya kuamua ukiwa umekaa kwenye kiti cha daktari huku katibu wa mapokezi anakufungulia mashine ya kadi. Sema naenda kufikiria. Hakuna atakayekasirika.

Dupilumab bila bima ni laki kadhaa kwa kila sindano, haishikiki. Ila toka 2020 bima inalipia watu wazima wenye hali kali sugu, na toka 2021 ukikubaliwa kwenye mpango maalum unalipa asilimia 10 tu. Masharti: uwe umeshajaribu krimu na vidonge vya kutuliza kinga bila mafanikio, na alama zako za EASI, kipimo cha ukali wa atopi, ziwe 23 au zaidi.

Na hapa wenye ngozi nyeusi tusimame kidogo

EASI ni kipimo cha kuanzia 0 mpaka 72. Daktari anaangalia kichwa, mikono, kiwiliwili na miguu, na kila sehemu anatoa alama kwa vitu vinne: wekundu, uvimbe na unene, mikwaruzo ya kucha, na ngozi iliyokomaa ikawa ngumu yenye mistari. Umeona la kwanza ni nini? Wekundu. Sasa ngozi yangu mimi haiwi nyekundu, inakuwa ya kijivu, au kahawia iliyoiva sana, au zambarau ya mbali, na mara nyingi inakuja kwa vipele vidogo vidogo vinavyofuata vinyweleo, mkono ukipita unasikia kama msasa. Daktari aliyezoea ngozi nyeupe akitafuta wekundu asiuone ataandika alama ndogo, na kwenye mpango wenye mstari wa 23, alama ndogo maana yake unanyimwa dawa ambayo mgonjwa mwenzako mwenye hali kama yako ameipata. Hili linaniuma na nalisema kila ninapopata nafasi.

Fanya hivi. Piga picha za ngozi yako kwa mwanga wa dirishani wakati imechachamaa, na picha ya mahali ambapo ni pazima, daktari alinganishe. Mwambie aguse. Ngozi iliyochachamaa ina joto na ni nene, mkono hauhitaji rangi. Mwambie usiku ngapi kwa wiki unaamka kujikuna. Pia mwambie kuhusu madoa meusi yanayobaki, wao wanaweza kudhani ni kovu au ni rangi tu, sisi tunajua doa linakaa miezi baada ya muwasho kuisha na ndo linatutesa kichwani kuliko hata muwasho. Dawa ya doa ni kuuzuia ugonjwa usirudi pale pale, na tafadhali sana usilikimbilie kwa krimu za kung'arisha.

Hanuisa kwa hili ana nafuu kidogo manake hategemei sana rangi, anauliza unavyojisikia. Ila naye akiangalia ngozi anaangalia kwa macho yale yale ya Korea, kwahiyo picha beba huko pia.

Ushahidi upo wapi

Krimu za steroidi, tacrolimus, mafuta ya kulainisha na dupilumab zimepimwa kwa watu wengi nchi nyingi na zinafanya kazi, hakuna mjadala hapo. Dawa za mitishamba za kuchemsha, mwaka 2013 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 28 ya mitishamba ya Kichina kwa atopi, watu 2306, na mitishamba hiyo ni ndugu wa karibu wa ile ya Korea, wakahitimisha kwamba hawakupata ushahidi wa uhakika kuwa inasaidia, kwasababu majaribio yenyewe mengi yalifanywa vibaya. Haimaanishi haisaidii mtu yeyote. Inamaanisha ukitoa laki nne unalipia matumaini zaidi kuliko uhakika, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kulipa. Visindano kwa ajili ya muwasho vina majaribio madogo madogo yanayotia moyo, mengine yamefanyika Ujerumani na mengine hapa hapa Korea, na kwa vile vipo kwenye bima na ni bei ndogo, mimi nikiulizwa kitu gani cha hanuiwon ujaribu kwanza nasema visindano, kabla ya hanyak.

Hatari zake, pande zote

Tuanze na hofu kubwa ya Waswahili: steroidi itanila ngozi. Hofu hii haikutoka hewani. Tumeona nyumbani mashangazi waliopaka mikorogo yenye clobetasol miaka na miaka, ngozi ikawa nyembamba kama karatasi, michirizi mapajani, uso unawaka wakiacha. Lakini ile ni steroidi kali, bila kipimo, mwili mzima, kila siku, miaka. Steroidi ya daktari ni ya nguvu inayolingana na sehemu, kwa siku kadhaa mpaka patulie. Kipimo ni rahisi: kamua mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka mkunjo wa kwanza, hiyo ni kama nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Wengi wetu tunapaka kidogo mno kwa woga, haiponi, tunarudia wiki nzima, mwisho tunatumia nyingi kuliko aliyepaka vizuri mara moja. Na pakishatulia, kama ni sehemu inayorudi rudi, muulize daktari kuhusu kupaka siku mbili tu kwa wiki pale pale panaporudi, inazuia sana.

Upande wa hanuiwon, cha asili sio lazima kiwe salama. Urukususu ukinywewa mwingi kwa muda mrefu unapandisha presha na kushusha potasiamu, mwenye presha au anayekunywa dawa za kukojoa aseme mapema. Mitishamba mingine inaweza kusumbua ini, kwahiyo omba kipimo cha ini kabla ya kuanza na baada ya wiki chache, na ile orodha ya vilivyomo mpelekee daktari wa hospitali, hasa kama unatumia cyclosporine au dawa za UKIMWI au kifafa. Mjamzito asiguse hanyak ya atopi bila daktari wake wa uzazi kujua. Na ukiambiwa kuna sindano ya sumu ya nyuki, bongchim, mwenye atopi kataa. Sisi ni watu wa mzio, na mwaka 2018 pale Bucheon kuna mgonjwa alifariki baada ya kuchomwa hiyo kwa ajili ya mgongo, mwili ulishtuka ghafla.

Sasa kile kitu kimoja nilichosema. Kuna neno utalisikia, myeonghyeon. Unakunywa hanyak, ngozi inalipuka, unapiga simu, unaambiwa ni dalili nzuri, sumu inatoka, vumilia, na hizo krimu za hospitali tupa kabisa. Hapo ndo uondoke. Ngozi iliyozidi kuharibika imezidi kuharibika. Korea yenyewe imelia na hili: mwaka 2017 ilipasuka kashfa ya kundi la wazazi lililokuwa linaongozwa na hanuisa mmoja, wakifundishana kulea watoto bila dawa za hospitali, picha za watoto wadogo wa atopi waliojikuna mpaka mashavu yanatoka damu zikaonekana nchi nzima. Mahanuisa wenzake walimpinga hadharani na kesi ikafika mahakamani akakutwa na hatia. Hanuisa mzuri, na wapo wengi, atakuuliza unatumia krimu gani, atakwambia endelea nayo, ukipata nafuu utapunguza taratibu na daktari wako. Huyo kaa naye.

Na kuna siku ambayo hakuna ulinganisho wowote. Ukiona malengelenge madogo mengi yanayofanana, yanauma kuliko kuwasha, na homa juu, hivyo ni virusi vya herpesi vimeingia kwenye pumu ya ngozi. Hospitali kubwa siku hiyo hiyo, piga 119 kama huwezi kutembea. Sio hanuiwon na sio kusubiri Jumatatu.

Nyumbani, ambako kazi kubwa ipo

Hata upewe dawa ya aina gani, ukirudi nyumbani ukajisugua inakuwa bure. Wakorea wana kile kitambaa cha kijani cha kusugulia, kinaitwa taulo ya Italia, kigumu kama dodoki jipya, unaenda kwenye bafu la umma mama mmoja anakulaza mezani anakusugua mpaka uchafu unatoka kama vijinyoka. Kwa mwenye atopi hicho kitu ni adui. Dodoki letu pia. Najua tumelelewa kwamba usiposugua hujaoga, ila ngozi hii inaoshwa kwa kiganja na maji ya uvuguvugu, dakika 5 mpaka 10, sabuni laini isiyo na manukato na ni kwapani, nyayoni na sehemu za siri tu. Unajikausha kwa kugusagusa na taulo, na ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, unapaka mafuta. Dawa ya krimu kama ipo inapakwa kwenye sehemu zilizochachamaa, mafuta mwili mzima.

Mafuta gani? Yale utakayoweza kununua tena na tena bila kuumia. Mtu mzima mwenye ngozi kavu mwili mzima anamaliza gramu 250 hadi 500 kwa wiki, sasa kile kichupa kizuri cha duka la vipodozi la Myeongdong chenye mililita 50 kitakufikisha wapi. Chukua kopo kubwa la kusukuma lisilo na harufu. Vaseline ya kawaida ni nzuri sana usiku wa baridi. Na kumwaga mafuta maalum kwenye maji ya kuogea ya mtoto, hiyo okoa hela yako, Uingereza walijaribu wakatoa majibu 2018, haikuongeza faida yoyote juu ya kupaka kawaida.

Sakafu ya moto, ondol, inakausha hewa ya chumba kibaya mno. Shusha joto, lala kwenye godoro lililoinuka badala ya sakafuni, anika nguo zilizofuliwa chumbani usiku. Kimashine cha mvuke ni kizuri lakini kioshwe kila siku kwa maji na kisitiwe kitu chochote, chochote kabisa. Mwaka 2011 ilijulikana huku kwamba dawa za kusafishia maji ya hizo mashine zilikuwa zinaharibu mapafu ya watu, watoto na akina mama wajawazito walikufa. Maji tu.

Majira ya machipuko vumbi la manjano linakuja kutoka jangwa la Gobi, ukirudi ndani badilisha nguo, osha uso na shingo. Kiangazi jasho, beba kitambaa chenye maji. Nguo ya sufu isikae moja kwa moja kwenye ngozi. Kucha fupi siku zote, na usiku mtoto anayejikuna mvalishe soksi mikononi. Wanaofanya kazi viwandani Ansan au kwenye vibanda vya mboga na mikono yote imepasuka, vaa glavu za pamba ndani ya zile za mpira, na uzibadilishe zikilowa jasho.

Kuchagua sasa

Ngozi kavu, muwasho wa hapa na pale, unalala vizuri: fanya ya nyumbani kwa mwezi mzima kwa bidii kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Hulali, sehemu zimekuwa nene, au zinatoa maji: pibugwa. Ila soma kibao. Jina likiungana na 피부과의원 huyo ni daktari bingwa wa ngozi. Likiandikwa 의원 tu halafu pembeni kwa maandishi madogo 진료과목 피부과, ni daktari wa kawaida anayetibu ngozi pia, na maeneo kama Gangnam wengi wamejaa leza na botoksi, mgonjwa wa atopi wanamuona kama anawachelewesha. Dada mmoja wa Mombasa alizunguka kliniki za namna hiyo akitolewa na losheni za bei mbaya mpaka alipoelekezwa kusoma kibao. Akikuona bingwa na hali ni kali, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya chuo kikuu, bila barua hiyo bima haikufuniki vizuri kule.

Unatumia dawa vizuri, ngozi imetulia kiasi, lakini usingizi mbovu, mawazo, tumbo linasumbua, na unatamani mtu akuangalie mzima mzima: hapo hanuiwon ina nafasi yake. Anza na visindano. Hanyak ukiitaka, kubaliana mwezi mmoja, piga picha mwanzo na mwisho, hakuna tofauti acha. Mtoto mdogo mimi simpeleki kwenye hanyak kabisa.

Umeshajaribu krimu miaka na bado unaishi gizani na mikono mirefu: usitumie akiba kwenye boksi za hanyak. Fuatilia dupilumab na ule mpango wa asilimia 10, ukiwa na picha zako za dirishani.

Kwa mnaorudi nyumbani, omba pibugwa cheti chenye majina halisi ya dawa kwa herufi za Kilatini, sio majina ya kibiashara ya Kikorea ambayo mfamasia wa Dar au Nairobi hatayajua. Hydrocortisone na betamethasone mtazipata bila shida, dupilumab ni shughuli nyingine kabisa, kwahiyo mwambie daktari mapema kabla hujakata tiketi ili mpange dawa mbadala. Watanzania, kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi kipo toka 1992, wanaijua ngozi nyeusi kuliko daktari yeyote wa Seoul. Vipaketi vya hanyak msibebe, vinapasuka kwenye begi na uwanja wa ndege hakuna atakayejua ni nini.